Maoni ya Mtahini: Tupa Ndani ya Mkate

Swali la mighani likitokea katika Karatasi ya Tatu, watahiniwa wengi huanza kwa hoja ile ile: shujaa huwa na nguvu zisizo za kawaida. Hoja ni sahihi na hutuzwa. Tatizo huja katika mistari inayofuata. Mtahiniwa akishaandika kwamba Fumo Liyongo hakudhurika kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, anaona kisa chote amekimaliza. Liyongo alitokaje kifungoni? Kwa nguvu zake. Mbona walinzi walishindwa kumzuia? Kwa sababu ya nguvu zake. Hoja iliyostahili alama moja inageuzwa jibu la kila kitu.

Naomba tukirudie kisa hicho polepole, kisha tukitazame kingine kilichotokea nchini mwetu mwaka wa 2021, ambacho wanafunzi wa hapa Kithimani huniuliza hadi leo.

Kwa mujibu wa masimulizi ya pwani, ambayo Muhammad Kijumwa wa Lamu aliyatungia utenzi mwaka wa 1913, mfalme wa Pate alimwogopa Liyongo akamfunga na kumwekea walinzi. Mtu mwenye nguvu kama zake ungetarajia apasue ukuta aende zake. Hakupasua. Alimpelekea mama yake ujumbe kupitia kwa kijakazi Saada. Mama akaoka mikate mizuri, akaoka na mmoja wa wishwa, na ndani ya huo wa wishwa akaficha tupa. Walinzi, kwa ulafi wao, wakaila mikate mizuri na kumwachia mfungwa ule wa wishwa. Kisha kukapigwa ngoma ya gungu, na kelele za ala na nyimbo zikafunika sauti ya tupa ikikereza pingu.

Hesabu mwenyewe waliohusika: mama mwenye akili, kijakazi mwaminifu, walinzi walafi, ngoma yenye kelele, na kipande cha chuma. Wazee waliosimulia kisa hiki waliziamini nguvu za Liyongo kuliko mimi na wewe. Hata hivyo, walipofika kwenye mlango wa gereza hawakuridhika na nguvu hizo. Walitaka kujua mlango ulifunguliwaje, na nani alizembea. Luanda Magere wa Waluo ni vivyo hivyo. Mwili wake ulikuwa jiwe, lakini aliangushwa na ndoa: mke aliyetoka kwa maadui aligundua kwamba siri ya mwili ule imo kivulini, akaenda kuwaambia watu wake.

Sasa tuje kwa kisa cha pili.

Julai mwaka wa 2021, Idara ya Upelelezi wa Jinai ilitangaza kwamba ilikuwa inamzuilia kijana wa miaka 20, Masten Wanjala, kuhusiana na mauaji ya watoto. Wapelelezi walisema amekiri kuwaua watoto wasiopungua 10 katika muda wa miaka mitano, na kwamba aliwaongoza hadi vichakani alikowaacha baadhi yao. Wa kwanza, walisema, alikuwa msichana wa miaka 12 kutoka kaunti yetu hii ya Machakos. Watoto wengine inadaiwa aliwavutia kwa kujifanya mkufunzi wa kandanda. Wengi wenu wakati huo mlikuwa bado shule ya msingi, na baadhi ya watoto hao wangekuwa wa rika lenu sasa. Mnapokisoma kisa hiki msikisome kama hekaya.

Idara yenyewe, katika taarifa yake kwa umma, ilimwita mnyonya damu na kueleza kwamba wakati mwingine alifyonza damu ya watoto kabla ya kuwaua. Neno hilo ndilo lililosafiri. Magazeti yalilibeba, matatu zikalibeba, likafika nyumbani kwenu kabla ya jina la mtoto hata mmoja aliyeuawa. Kijana aliyekuwa chini ya ulinzi wa wapelelezi, aliyekula chakula cha seli na kulala sakafuni kama mahabusu wengine, akawa mtu wa miujiza.

Alfajiri ya tarehe 13 Oktoba, siku aliyotarajiwa kufikishwa kortini, Wanjala hakuonekana katika seli ya kituo cha polisi cha Jogoo Road jijini Nairobi. Siku mbili baadaye alitambuliwa kijijini kwao, Mukhweya, katika Kaunti ya Bungoma, akapigwa na umati hadi kufa.

Niliyoyasikia darasani mwangu baada ya hapo mnaweza kuyakisia. Kwamba aligeuka paka akapita katikati ya vyuma. Kwamba alikuwa na hirizi. Kwamba binadamu wa kawaida hawezi kutoka Nairobi hadi Bungoma, takriban kilomita 400, huku nchi nzima inamsaka. Msichana mmoja hodari sana, ambaye insha zake nilikuwa nikiwasomea wenzake, alisimama akasema, "Mwalimu, huyo hakuwa mtu." Nilimuuliza magari ya kwenda Bungoma huondoka Nairobi mara ngapi kwa siku. Darasa likacheka, lakini yeye hakucheka, na nadhani hakushawishika.

Ukweli ni kwamba maafisa watatu wa kituo kile walikamatwa na kufikishwa mahakamani. Hao nao ni washukiwa kama mshukiwa mwingine yeyote, na sisemi hapa kwamba walifanya hili au lile. Ninachosema ni kwamba swali la mahakama lilikuwa la kibinadamu: nani alikuwa zamu, nani alikuwa na funguo, mlango uliachwaje. Swali la mitaani lilikuwa jingine: huyu alikuwa na uchawi wa wapi?

Jibu la mitaani lina hatari moja ambayo haionekani upesi. Linamsafisha kila mtu. Kama kijana aligeuka paka, basi hakuna aliyezembea. Hakuna haja ya kuuliza ni vipi kijana aliyeanza, kama wapelelezi walivyosema, akiwa na miaka kama 15 au 16, aliweza kuendelea kwa miaka mitano bila kushikwa. Hakuna haja ya kuuliza mzazi wa kawaida anapopiga ripoti kwamba mtoto hajarudi nyumbani huhudumiwa namna gani. Uchawi ni ngoma nzuri ya gungu. Unapiga kelele, na tupa haisikiki.

Hapa Machakos tunapaswa kuwa makini kuliko wengine, maana tuna historia yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, katika wilaya ya Machakos ya wakati huo, mwanamke mmoja alituhumiwa kumroga mke wa mtu. Wanaume wakamkusanyikia wakampiga kwa fimbo hadi akafa. Walishtakiwa 70, na mwaka wa 1932 60 kati yao wakahukumiwa kifo, ingawa baadaye waliepushwa kitanzi. Kesi hiyo bado hutajwa na wanasheria. Walipoulizwa, wanaume wale hawakujiona wauaji. Waliona wamemwondoa muoi, na kwamba serikali ya wazungu, yenye sheria yake dhidi ya uchawi tangu 1925, isingewasaidia. Mwanamke yule hakupewa nafasi ya kujibu lolote. Ukishaaminika kuwa na nguvu zisizo za kawaida, hakuna anayetaka kusikia utetezi wako.

Na si lazima umati umpate mtu aliyekusudiwa. Mmoja wa watoto waliotajwa katika kisa cha Wanjala alitoka upande wa Kimilili. Kabla ya Wanjala kujulikana, kifo cha mtoto yule kilizua ghasia, na wakazi wakateketeza nyumba ya mtu mwingine waliyemshuku. Taarifa ya polisi ilipotoka, kijiji kilikuwa kimeshatoa hukumu kitambo, tena kwa moto, na kwa mtu mwingine kabisa.

Najua mtakavyonijibu, kwa sababu mmekwisha kunijibu. "Mwalimu, si alikiri? Kesi ya nini?" Swali ni zuri, wala silidharau. Mzazi aliyezika mtoto ana haki ya kutosubiri kwa upole. Lakini tazameni kilichopotea. Sheria ya ushahidi ya Kenya haikubali ungamo la aina yoyote tu. Linapaswa kutolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kilichowekwa ambaye si yule anayechunguza kesi hiyo, na awepo mtu mwingine aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Tahadhari hizo zimewekwa kwa sababu watu hukiri mambo wasiyoyafanya, na wengine hukiri machache kati ya mengi. Wanjala alikuwa peke yake? Walikuwa watoto 10, au zaidi? Hizo damu zilizotajwa, ni nani aliyezithibitisha? Palikuwa na mtu mzima aliyejua akanyamaza? Maswali haya yangeulizwa kortini, wazazi wakiwa wameketi pale wanasikiliza. Yalizikwa Bungoma pamoja na aliyeulizwa. Waliompiga walidhani wanawatendea wazazi wema. Kwa maoni yangu, waliwanyima kitu cha mwisho ambacho bado kingeweza kupatikana.

Kuna neno nililolitumia tangu mwanzo ambalo ningependa mlishike hata mkisahau mengine yote. Nimesema mshukiwa. Kwenye karatasi zenu maneno haya huchanganywa kila mwaka. Mshukiwa ni anayedhaniwa. Mshtakiwa ni aliyefikishwa mahakamani na kusomewa mashtaka. Mfungwa ni aliyehukumiwa. Muuaji ni yule ambaye mahakama imethibitisha kwamba aliua. Kifungu cha 50 cha Katiba yetu ya 2010 kinasema kila mshtakiwa huchukuliwa kuwa hana hatia hadi kinyume chake kithibitishwe. Wanjala alikufa akiwa hatua ya kwanza. Ukimwita muuaji katika insha nitakukata alama ya msamiati, na hoja yako nayo itakuwa imekuponyoka. Na iwapo swali la dondoo litakuletea mhusika anayesingiziwa, angalia kwanza ni nani anayesema, anasema kwa nani, na anapata faida gani jambo hilo likiaminiwa. Hata katika Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia, tamthilia iliyowahi kutahiniwa na iliyochota kwa Liyongo, Mwelusi ni hatari kwa sababu watawala wanahitaji awe hatari.

Sitaki mnielewe vibaya kuhusu fasihi simulizi. Sisemi muache kuandika kuhusu nguvu zisizo za kawaida, wala sisemi wazee walikuwa wajinga. Mimi ni mtoto wa Ukambani. Nimekua nikisikia habari za Syokimau, aliyeona nyoka mrefu atemaye moto kabla reli haijafika, na huwa nafundisha kisa hicho kwa furaha. Nguvu za shujaa wa mighani zina kazi yake: zinaonyesha jamii ilitamani nini na iliogopa nini. Liyongo akiwa amepiga magoti kisimani, mshale upindeni, ameshakufa na watu hawajui, mji mzima ukakaa na kiu kwa kuogopa kusogea. Picha hiyo inaeleza hofu kuliko kurasa kumi za maelezo. Iandike hivyo na utatuzwa. Taarifa ya polisi si mighani, na ukiisoma kwa jicho hilo hilo utadanganyika.

Hata ndani ya mighani, alama za juu huwaendea wanaoona vyote viwili. Juzi nilisahihisha zoezi la mvulana mmoja wa darasa langu, mwandiko mbaya, tahajia ya kuhuzunisha, "waliinzi" kila mahali. Nilikuwa nimewauliza Liyongo alitorokaje. Aliandika kwamba Liyongo alitoroka kwa sababu walinzi walipenda mkate mweupe. Nilimpa alama zote za swali hilo.

Jambo moja la vitendo kabla ya likizo. Mahakama ya Kithimani iko hapa hapa mjini, na mwananchi huruhusiwa kuingia na kusikiliza kesi nyingi bila kulipa chochote. Nendeni siku moja, mkiwa wasafi na mmezima simu, mkae nyuma. Nawaonya kwamba mtachoka, kwa kuwa kesi huahirishwa na shahidi wakati mwingine hafiki. Chukueni daftari mwandike kila swali linaloulizwa shahidi wa polisi: kitabu cha matukio kinasemaje, zamu ilibadilishwa saa ngapi, nani alitia sahihi. Mkirudi, linganisheni orodha hiyo na orodha ya maswali tuliyomuuliza Liyongo darasani, kisha mniletee zote mbili.