Msumeno Unaokata Upande Mmoja



Leo tuanze na vitenzi viwili ambavyo wengi huvichanganya: kuhalalisha na kuruhusu. Kuhalalisha ni kuliondolea jambo uharamu wake kwa watu wote. Kuruhusu ni kumpa mtu fulani idhini ya kutenda jambo ambalo kwa wengine limebaki haramu. Kwa mkazi wa Rusizi, kuchanganya vitenzi hivi viwili kwaweza kumgharimu miaka ishirini ya maisha yake. Kwa hiyo somo hili haliwezi kuishia kwenye msamiati.

Tarehe 12 Oktoba 2020, Baraza la Mawaziri la Rwanda lilipitisha mwongozo wa kulima, kusindika na kusafirisha nje mazao ya tiba yenye thamani kubwa. Neno bangi halikutajwa katika tangazo lile. Viongozi walijitokeza baadaye kufafanua kwamba zao lililokusudiwa ni hilo hilo, kwamba litauzwa katika masoko ya nje kwa matumizi ya kitabibu, na kwamba kuivuta nchini kunabaki marufuku. Mnamo Juni 2021 likafuata agizo la Waziri wa Afya lenye masharti ya leseni na ya ulinzi wa shamba. Huko ndiko kuruhusu. Hakuna mahali popote ambapo serikali ilihalalisha.

Hata hivyo, mitaani neno lililoshika ni la kwanza. Mfikirie mtu ambaye zamani alipanda miche michache ndani ya chumba, chini ya taa za umeme, kisha akaacha kwa miaka mingi. Anasikia habari za leseni na kujiambia kwamba zama zimebadilika, naye mikono yake haijasahau kazi. Pengine alijifunza ughaibuni: Ujerumani, tangu tarehe 1 Aprili 2024, mkazi mtu mzima anaruhusiwa kupanda miche mitatu nyumbani kwake. Anarudi Kamembe akiamini kwamba miche mitatu ni miche mitatu popote iliposimama. La hasha! Wala kuvuka daraja la Rusizi I kuelekea Bukavu hakumsaidii, kwa sababu Kongo nayo inaikataza. Kuvuka mto si kuvuka sheria.

Sasa tuisome sheria yenyewe, maana raia asiyeisoma huisikia kwa mara ya kwanza mahakamani. Sheria Na. 68/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018, inayoainisha makosa na adhabu, inazungumzia dawa za kulevya katika kifungu cha 263. Anayetumia dawa hizo anakabiliwa na kifungo cha kuanzia mwaka mmoja hadi miwili, au kazi za manufaa ya umma. Anayezizalisha, kuzisafirisha, kuzihifadhi au kuziuza anaingia katika kundi jingine kabisa. Na kwa kuwa agizo la Wizara ya Afya la Machi 2019 liliiweka bangi katika daraja la dawa kali sana, pamoja na heroini na kokeini, adhabu ya mzalishaji wake ni kuanzia miaka ishirini hadi kifungo cha maisha, pamoja na faini inayoweza kufika faranga milioni 30.

Hapo ndipo ninapopinga, na ninapinga waziwazi. Adhabu hiyo inapimwa kwa daraja la dawa na kwa kitendo kilichofanywa. Haipimwi kwa kiasi. Mche mmoja kabatini na lori zima lililofunikwa turubai vinaitwa kwa jina moja. Matokeo yake ni kioja: anayenunua msokoto wake kwa mlanguzi anaweza kuadhibiwa kwa kufagia barabara, ilhali anayejipandia mche wake mwenyewe, asimuuzie mtu, anakabiliwa na miaka ishirini. Sheria iliyotungwa kumkomesha mlanguzi imempa mlanguzi wateja, kwa kuwa imefanya kununua kwake kuwe njia yenye hatari ndogo kuliko zote.

Na mlanguzi huyo anapata wapi bidhaa? Polisi wa Rwanda wametangaza mara nyingi kukamatwa kwa bangi iliyovushwa kutoka Kongo katika wilaya za mpakani, Rubavu na Rusizi zikiwemo. Mwenye mzigo ni nadra kuubeba kwa mkono wake. Humtafuta maskini anayevuka kila siku na biashara yake ndogo, ambaye ujira wa safari moja unamlipia karo ya mtoto. Mtu huyo akikamatwa, kifungo chake kinahesabiwa kuanzia miaka ishirini, na aliyemtuma anatafuta mbebaji mwingine kabla jua halijazama. Wazee husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu wa bangi meno yake yamenolewa upande mmoja: unamkata mbebaji na mwenye kabati, na kumpita mwenye mali.

Litazameni pia suala la majina, kwa kuwa nyinyi ni wanafunzi wa lugha. Mmea ni ule ule, mbegu ni ile ile. Ukikua nyuma ya uzio wa mwekezaji, penye kamera na walinzi, unaitwa zao la tiba. Ukikua chumbani kwa kijana wa Kamembe, unaitwa dawa kali sana. Serikali ina haki ya kudai leseni. Dawa zote hospitalini zina utaratibu wake. Lakini haiwezi kumwambia mnunuzi wa ng'ambo kwamba mmea huu unatibu, na papo hapo kumwambia raia wake kwamba hauna tofauti na heroini. Hata Umoja wa Mataifa umelegeza msimamo: tarehe 2 Desemba 2020, Tume ya Dawa za Kulevya ilipiga kura 27 dhidi ya 25, nchi moja ikijizuia, kuiondoa bangi katika Jedwali la Nne la Mkataba wa 1961, ambalo ni la dawa hatari kupita zote. Iliiacha katika Jedwali la Kwanza, haikuitakasa. Iliitenganisha tu na heroini, na ndilo jambo ambalo sheria yetu haijafanya.

Najua nitakavyojibiwa. Wapo watakaosema, mwalimu huyu anawafundisha watoto kuvuta bangi. Nasema hapana. Bangi inayovutwa mara kwa mara katika umri wa ujana huathiri kumbukumbu na masomo, na kwa baadhi ya vijana huambatana na maradhi ya akili. Atakayeniuliza kama aivute nitamkataza, na atakayeniuliza kama arudie kilimo chake cha chumbani nitamwambia asithubutu, kwa sababu nimekwisha kumsomea kifungu cha 263. Lakini kumkataza mtu ni jambo moja, na kumzika akiwa hai gerezani ni jambo jingine.

Wengine watasema kwamba mpaka wetu ni mwembamba, na sheria ikilegea tutafurika. Hoja hii ina uzito, nami siibezi. Ila sitaki ilegezwe kwa mlanguzi, nataka ipimwe. Afrika Kusini, siku 19 tu baada ya sheria yetu kutiwa saini, Mahakama ya Katiba iliamua tarehe 18 Septemba 2018 kwamba mtu mzima anayelima bangi faraghani kwa matumizi yake mwenyewe hatendi jinai. Kuuza kulibaki kosa. Sidai tuige kila kitu. Nadai tukubali kwamba mstari kati ya mwenye mche na mfanyabiashara wa magendo unaweza kuchorwa, kwa kuwa wenzetu wameuchora.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, sheria itaje kiasi, ili mche na lori visihukumiwe sawa. Pili, mbebaji wa mara ya kwanza apate nafasi ya kazi za manufaa ya umma, hasa akiwataja waliomtuma. Tatu, kama zao hili kweli ni la thamani kubwa, leseni zisiwe za wenye mitaji mikubwa peke yao. Wakulima wa Rusizi wamethibitisha nidhamu yao katika chai ya Shagasha, kahawa ya vilima vya Kivu na mpunga wa Bugarama. Ushirika unaoweza kupima ubora wa kahawa unaweza pia kulinda uzio.

Mpaka siku sheria itakapobadilishwa, itiini. Anayeivunja kimyakimya chumbani haibadilishi. Anaongeza idadi ya wafungwa tu. Anayeisoma, akaielewa, akampelekea diwani na mbunge hoja yake kwa maandishi, huyo ndiye anayeisogeza.

Zoezi la wiki hii: andikeni barua rasmi ya ukurasa mmoja kwa mbunge, mkiunga mkono au mkipinga pendekezo mojawapo. Tumieni vitenzi kuhalalisha, kuruhusu na kuadhibu, kila kimoja mahali pake.