Zanzibar: Utalii wapimwe kwa vichwa au kwa lita za maji?

Kila zinapotolewa takwimu mpya za utalii visiwani Zanzibar, kinachotangazwa kwanza ni idadi. Mwaka 2023 wageni walipindukia 600,000, na mwaka uliofuata wakazidi 700,000. Kwa visiwa ambavyo zamani vilitegemea karafuu na sasa vinategemea hoteli za ufukweni, furaha hiyo yaeleweka.

Ipo hata hivyo hesabu nyingine isiyopigiwa vigelegele, nayo ni ya maji.

Unguja haina ziwa wala mto mkubwa wa kutegemewa. Sehemu kubwa ya maji yake ni mvua inayopenya katika mawe ya matumbawe na kutuama chini ya ardhi, ikielea juu ya maji ya bahari yaliyo mazito zaidi. Kisima kikivutwa kupita kiasi, hasa karibu na pwani, chumvi hupanda na maji hayanyweki tena. Na ni pwani hiyo hiyo, tangu Nungwi na Kiwengwa hadi Jambiani, ndiko hoteli zilikojengwa.

Utafiti wa shirika la Uingereza la Tourism Concern, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta kwamba kaya ya kawaida katika vijiji hivyo hutumia wastani wa lita 93 kwa siku. Chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilitumia lita 3,195.

Maji hayo mgeni hayanywi. Huishia kwenye bwawa la kuogelea, bustani na mashuka yanayofuliwa kila kukicha. Huenda akawa mtu muungwana, avaaye kwa heshima anapopita kijijini na asiyetupa hata kipande cha karatasi, lakini uungwana wake haupunguzi lita hata moja. Kwa hiyo mabango ya kumwomba mtalii ayajali mazingira yana kikomo chake. Jambo lenyewe huamuliwa mapema zaidi, siku hoteli inapopewa kibali cha kujengwa.

Mfano wa kibali kilichotolewa kwa masharti hauko mbali. Kisiwa kidogo cha Chumbe, kusini magharibi mwa Mji Mkongwe, kilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1994 na kuachiwa kampuni binafsi kukisimamia. Humo mna nyumba saba tu za wageni. Mapaa yake hukinga maji ya mvua, umeme hutoka kwenye jua, na vyoo ni vya mboji visivyohitaji maji. Wavuvi wa vijiji jirani walifunzwa kuwa walinzi wa matumbawe, na mapato ya wageni hugharimia pia safari za wanafunzi wa Zanzibar, ambao wengi wao, ingawa ni watoto wa visiwani, hawajapata kuyaona matumbawe hai.

Wapo wasemao kwamba Chumbe ni anasa ya wachache, kwani vitanda vyake havitoshi kuajiri hata kijiji kimoja. Ni kweli. Lakini hoja hiyo yajibu swali la ajira tu. Hoteli ya vyumba 200 nayo yaweza kukinga mvua, na hakuna kinachoizuia kusafisha maji yake machafu na kuyatumia tena bustanini. Haifanyi hivyo kwa sababu maji ya kisimani ni rahisi zaidi.

Yaliyotokea Kizimkazi yaonesha nini hufuata pale idadi inapoachwa ijiongoze yenyewe. Huko pomboo walikuwa wakivuliwa, nyama yao ikitumika kuwa chambo cha papa, hadi miaka ya 1990 utalii ulipowapa thamani kubwa zaidi wakiwa hai. Hapo utalii ulikuwa mkombozi. Kisha mashua zikaongezeka, na watafiti wakabaini kwamba pomboo wanaokimbizwa na kuzungukwa na waogeleaji hupumzika kidogo na kuhama mara kwa mara. Mwenye mashua hawezi kulaumiwa peke yake: akisimama mbali, wateja wake watahamia kwa jirani yake.

Suala hili lina uzito zaidi sasa, kwani tangu mwaka 2021 serikali imekuwa ikivikodisha visiwa vidogo kwa wawekezaji. Sheria ya mazingira ya mwaka 2015 imekwishaunda mamlaka ya kusimamia mambo haya, ZEMA. Uwezo wa kumwekea mgeni sharti na kulitekeleza nao upo: tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mtu mzima kutoka nje hulazimika kulipia bima ya dola 44 kabla ya kuingia Zanzibar, na mashirika ya ndege hayakugoma wala watalii hawakukimbia. Kiwango cha maji kwa kila chumba, na mita inayosomwa na mtu asiyelipwa mshahara na hoteli, ni kazi ndogo kuliko hiyo.