Nani Kasema Zama Zile Hawakujua?

Taja mume aliyemuua mkewe katika tamthilia ya Kihispania ya karne ya 17, na hutakosa mtu wa kukuonya: usiwahukumu watu wa kale kwa macho ya leo. Zama zile, atakuambia, mke alikuwa chini ya mumewe, kipigo kilikuwa jambo la kawaida, na hakuna aliyeona ubaya wake. Habari za haki za wanawake ni mambo ya juzijuzi. Hoja hii inasikika kuwa ya kisomi, tena ya huruma kwa marehemu wasioweza kujitetea. Ila si ya kweli.

Tuanze na mwaka 1637. Mwaka huo ilichapwa El médico de su honra ya Pedro Calderón de la Barca. Don Gutierre anamshuku mkewe Mencía kwamba ana uhusiano na ndugu wa mfalme. Uzinzi wenyewe haujatokea, lakini shaka inamtosha. Analeta usiku tabibu wa kutoa damu, akiwa amefungwa kitambaa machoni, na kumlazimisha kumchanja Mencía mshipa hadi damu imwishe. Mfalme anapogundua, badala ya kumtia mikononi mwa sheria anamwoza mwanamke mwingine. Wahakiki hawajakubaliana kama Calderón anaisifu heshima ya namna hiyo au anaitia aibu. Mimi naona anaitia aibu, maana mchezo huo unamalizika kwa harusi inayonuka damu.

Lakini tusibaki kwa Calderón kana kwamba yeye peke yake ndiye karne nzima. Mwaka huohuo wa 1637, mjini Zaragoza, María de Zayas y Sotomayor, mwanamke wa Madrid, alichapisha kitabu chake cha kwanza cha hadithi. Cha pili, Desengaños amorosos, kilitoka mwaka 1647. Humo watu wamekusanyika nyumbani kwa Lisis, mchumba anayekaribia kuolewa, naye ameweka masharti: watakaosimulia ni wanawake tu, na wasimulie mambo ya kweli. Zinafuata hadithi kumi, na karibu zote zina mke au binti anayeteswa na watu wa nyumba yake mwenyewe.

Mojawapo ni ya Doña Inés. Mwanamume anayemtamani amemroga kwa msaada wa mchawi, akawa anatolewa nyumbani usiku bila fahamu zake. Wakuu wa mji wanachunguza na kuthibitisha kwamba hana hatia. Mumewe, kaka yake na wifi yake hawajali. Wanahamia naye Sevilla, wanamtia katika uwazi wa dohani na kuujengea ukuta, na kumwachia nafasi ya kusimama au kuchuchumaa tu. Anakaa humo miaka sita, akilishwa kidogokidogo kupitia kitundu. Anayemwokoa ni mjane jirani aliyesikia kilio upande wa pili wa ukuta. Zayas hatuonei haya: Inés anatolewa akiwa kipofu kwa giza, nywele nyeupe, nguo zimemwozea mwilini, nyama yake imeingia funza. Watesi wote watatu wanauawa kwa amri ya mahakama. Na Lisis, akiisha kusikia hadithi zote kumi, anamkataa mchumba na kuingia utawani.

Angalia mwandishi alivyopanga mambo yake. Kwanza anamsafisha Inés mbele ya sheria, kisha anaionyesha familia ikimwadhibu vilevile, ili msomaji asipate pa kujificha. Mtu asiyejua kwamba jambo ni dhuluma haliandiki hivyo.

Nakubali, Zayas hakuwa mwanaharakati wa leo. Alikuwa mwanamke wa tabaka la juu, mchawi katika hadithi hiyo ni Mwislamu wa Kimoor aliyechorwa kwa dharau, na utawa aliouona kuwa kimbilio ulihitaji mahari ambayo mwanamke maskini hakuwa nayo. Lakini hakuwa sauti ya pembeni pia. Vitabu vyake vilichapwa tena na tena nchini Hispania hadi karne ya 18. Ni wahakiki wa karne ya 19, miongoni mwao Mmarekani George Ticknor, waliomwona kuwa mchafu wa maneno, naye akasukumwa pembeni. Kwa hiyo ukimya tunaousingizia karne ya 17 kwa sehemu kubwa ulitengenezwa baadaye, na watu wa kutunga mitaala.

Ruka hadi 1883. Emilia Pardo Bazán anachapisha hadithi fupi, “El indulto”. Antonia ni mwanamke wa vibarua vya kufua. Mumewe alimuua mama mkwe wake na kufungwa miaka 20, naye ameapa kwamba akitoka atamuua na Antonia. Zinapovuma habari za msamaha wa kifalme, Antonia anakwenda kwa wakili. Pale wanapofulia, wanawake wanaacha kufua kusikiliza majibu: akitaka kutengana na mumewe lazima afungue kesi ndefu, na kwanza athibitishe kwamba mume anamtendea vibaya. Wenzake wanashangaa. Kumuua mama yake si ubaya wa kutosha? Na kile kiapo? Wakili amesema hakuna aliyekisikia, ushahidi unatakiwa. Mume anarudi, anakula, anamwamuru aje kulala. Asubuhi Antonia amekufa bila jeraha lolote, ameuawa na hofu.

Wafuaji wale si wanasheria, lakini wanaelewa kila kitu. Asiyeelewa ni sheria. Kanuni ya Adhabu ya Hispania ya mwaka 1870 ilimpa mume aliyemfumania mkewe na kumuua pale pale adhabu ya kufukuzwa mahali alipoishi tu. Serikali ya Jamhuri ya Hispania ilikifuta kifungu hicho, dikteta Franco akakirudisha mwaka 1944, kikadumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wajibu wa mke kumtii mume ulikaa katika sheria hadi 1975. (Wanaodhani Ulaya imetutangulia kwa kila jambo waitazame Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66: hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake.)

Kwa hiyo tunaposema “watu wa zama zile hawakuona ubaya”, tuulizane watu gani. Waume, mahakimu na watunga sheria? Pengine, ingawa hata hao nina mashaka nao. Zayas, Pardo Bazán na wafuaji wake nao walikuwa watu wa zama zile. Kuwatoa katika hesabu halafu kuiita hesabu hiyo “muktadha wa kihistoria” ni kuchagua upande.

Na zama zenyewe zinaishia wapi? Tarehe 4 Desemba 1997, Ana Orantes wa mkoa wa Granada alieleza kwenye televisheni ya Canal Sur miaka 40 ya kupigwa na mumewe. Alikuwa amekwenda polisi mara nyingi. Talaka alikuwa ameipata, lakini mahakama iliwaacha wote wawili waendelee kuishi katika nyumba moja. Siku 13 baada ya kipindi hicho, mtalaka wake alimchoma moto akafa. Hispania nzima ilitetemeka. Mwaka 2003 ikapitishwa sheria ya amri ya ulinzi, na Desemba 2004 sheria pana dhidi ya ukatili wa kijinsia. Hakimu sasa anaweza kumtoa mwanamume nyumbani ndani ya saa 72, bila mwanamke kusubiri ile kesi ndefu ambayo wakili alimtajia Antonia.