Mbuzi Si Mchango wa Jamii

Niliwahi kupewa kazi ya kutafsiri andiko la mradi kutoka Kiingereza hadi Kiswahili. Kurasa arobaini na kitu. Mradi ulihusu kurudisha malisho kwenye ardhi iliyofunikwa na vichaka vamizi, na silaha yake kuu ilikuwa mbuzi. Nikasema, afadhali, hatimaye watu wameanza kufikiria. Kisha nikafika kwenye bajeti.

Gari la kuingia porini, mafuta yake, dereva wake. Mshauri wa siku kadhaa, kwa malipo ambayo sitayataja kwa sababu nitaanza kulia. Droni ya kupiga picha za kabla na baada. Warsha, na chai ya saa nne ndani ya warsha. Halafu mstari wa mbuzi pamoja na wachungaji wao: sifuri. Pembeni, maneno matatu: mchango wa jamii.

Nilitafsiri. Nilikuwa nalipwa kwa neno, kwa hivyo hata hayo maneno matatu yaliniingizia kitu. Mwenye mbuzi hakuingiziwa chochote.

Wacha niseme mapema kwamba sina ubishi na mbuzi mwenyewe. Wengi wetu hapa Nairobi tunamjua akiwa Kiamaiko, ananing'inia kichwa chini, au akiwa kwenye ubao na kachumbari pembeni. Lakini mbuzi aliye hai ni mashine ya ajabu. Ng'ombe huinamisha kichwa akala nyasi. Mbuzi husimama kwa miguu ya nyuma, midomo yake ikapenya katikati ya miiba kama vidole vya fundi saa, akachagua jani, chipukizi, ganda la mti. Kichaka kikinyang'anywa majani mara moja, kitachipua tena kwa kutumia akiba iliyoko kwenye mizizi. Kikinyang'anywa tena, na tena, msimu baada ya msimu, akiba inaisha. Hiyo ndiyo siri yote. Kinachoua kichaka ni kurudia.

Na kurudia kunahitaji mtu. Huko Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini, watafiti walionyesha miaka mingi iliyopita kwamba ukichoma vichaka vya migunga kisha ukaacha hivyo, vinarudi. Ukichoma, halafu ukaleta mbuzi wale machipukizi yaliyo laini na mafupi, hapo kichaka kinashindwa. Moto pekee hautoshi. Mbuzi pekee pia hatoshi, maana kichaka kikishakuwa kirefu kumshinda, anakula sketi tu na kofia inabaki. Lazima panga, jembe au moto utangulie, kisha mbuzi afuate, akiwa wengi mahali padogo kwa muda mfupi, halafu ahamishwe kabla hajageukia nyasi zile tunazojaribu kuziokoa. Nani anaamua leo ni siku ya kuhama? Si droni.

Sasa hebu twende California, maana ndiko video zote mnazotumiana zinatoka. Mwaka wa 2009 Google walikodi mbuzi wapatao 200 kula majani na vichaka kwenye makao yao makuu, Mountain View. Dunia nzima ikacheka na kupenda. Walikuja na mchungaji na mbwa wa kuchunga. Na Google wenyewe walisema gharama ilikaribiana na ile ya kukata kwa mashine. Soma hapo tena polepole. Ilikaribiana. Haikuwa bure. Kampuni tajiri kiasi hicho haikumwambia mwenye mbuzi kwamba majani yatakayoliwa ndiyo malipo yake, ati ashukuru. Huko kufyeka kwa mbuzi ni biashara: una uwanja wenye vichaka vinavyoweza kushika moto, unapiga simu, mwenye mbuzi anakuja na ua wa umeme, na unalipa.

Wazo hilohilo likivuka bahari, mbuzi anabaki, malipo yanapotelea njiani.

Ukitaka kuelewa kwa nini jambo hili linanikera, ni lazima nikupeleke Baringo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya ukame mkali wa mwongo uliotangulia, serikali pamoja na shirika la FAO walipeleka huko mti mgeni kutoka Amerika, Prosopis juliflora. Nia ilikuwa kuni, kivuli, na kuzuia jangwa. Watu wa kule wanauita mathenge. Mti ukafanya kazi yake vizuri kupita kiasi. Ukaenea kuzunguka Marigat hadi kandokando ya Ziwa Baringo, ukafunga malisho, ukafunga njia za kwenda majini, miiba yake ikatoboa matairi na nyayo. Leo uko Turkana, uko Tana River, uko Garissa.

Na nani aliusambaza? Mbuzi, ndiyo, pamoja na ng'ombe na wanyama wa pori. Maganda ya mathenge ni matamu kama peremende. Mbuzi anayala, mbegu ngumu inapita tumboni salama, inatoka mbali na mti mama ikiwa imefungiwa kwenye samadi yake binafsi. Huwezi kubuni huduma bora ya kusambaza mbegu hata ukilipwa. Majani yenyewe ni machungu, mbuzi anayaonja na kuyaacha. Yaani kwa mti huu, mbuzi anakula kile ambacho hatukutaka ale, anakiacha tulichotaka akimalize.

Utamu huo pia una bei. Maganda yananata kwenye meno na kuyaozesha. Mwaka wa 2006 Wailchamus wa Baringo waliishtaki serikali katika Mahakama Kuu hapa Nairobi, na mbuzi asiye na meno akaletwa kama ushahidi. Magazeti yalichekelea sana. Mimi sioni cha kuchekesha. Mbuzi bila meno hawezi kula, na asiyekula hufa, na kwa familia nyingi za kule mbuzi ndiye karo ya shule. Mwaka wa 2008 mathenge ukatangazwa rasmi kuwa gugu haribifu. Miaka ishirini na kitu baada ya kupandwa.

Kwa hivyo tazama mkondo wa mambo. Enzi za mkoloni, mfugaji wa Baringo aliambiwa mifugo yake ndiyo inayoharibu udongo. Colin Maher aliandika ripoti yake kuhusu mmomonyoko wa eneo hilo mwaka wa 1937, na tangu hapo kila kizazi cha wataalamu kimekuja na toleo lake la lawama hiyo. Kisha akaletewa mti ambao hakuuomba. Mti ukamla malisho na kung'oa meno ya mifugo yake. Na sasa anaambiwa, kwa tabasamu, kwamba mbuzi wake ni suluhisho la asili, tena la bei nafuu. Nafuu kwa nani?

Niliwahi kubishana na rafiki wa chuo kuhusu hili. Yeye hoja yake ni kwamba ardhi ni yao, nyasi zikirudi ni zao, kwa nini mtu alipwe kusafisha nyumba yake? Ni hoja nzuri na inastahili jibu. Kwanza, si yeye aliyeleta uchafu. Pili, faida haibaki kwake: udongo usiposombwa na mvua, ziwa halijai matope, na mvuvi na mwenye shamba la chini wanafaidika bila kuchunga hata siku moja. Tatu, wale wa mshauri na droni nao pia wanaipenda nchi yao, na hakuna aliyewaambia upendo huo utoshe.

Halafu kuna hili ambalo halikuandikwa popote kwenye zile kurasa nilizotafsiri. Kazi ikiwa haina malipo, mtu mzima hawezi kuifanya kila siku. Ana familia. Ataenda kuchoma makaa ya huohuo mathenge, au kutafuta kibarua mjini. Mbuzi watachungwa na mtoto. Kwa hivyo ile sifuri kwenye bajeti ina jina na umri, na kuna dawati la shule ambalo liko wazi kwa ajili yake. Tukiita hiyo mchango wa jamii, basi tuseme ukweli ni nani katika jamii anayechanga.

Sisemi mbuzi wasitumike. Nasema kinyume chake: watumike vizuri, na kuwatumia vizuri ni ghali. Mahali penye mathenge, vibarua wakate shina chini ya usawa wa ardhi, maana ukikata juu unachipua kama umepogolewa. Maganda yaokotwe na yasagwe pamoja na mbegu zake yawe chakula cha mifugo, jambo ambalo watafiti wa misitu wa KEFRI wamekuwa wakilihimiza. Mbegu iliyosagwa haioti. Mbuzi waliokula maganda mazima wafungiwe bomani siku kadhaa kabla ya kuingia ardhi safi. Kila moja ya hizi ni siku ya mtu. Kwenye vichaka vya kienyeji, migunga michanga na jamaa zake, mbuzi apewe nafasi kubwa zaidi, lakini akifuatwa na mchungaji anayejua nyasi gani inaanza kurudi. Ujuzi huo ni utaalamu, na utaalamu kwenye bajeti zetu huwa na mstari wake. Unaitwa ada ya mshauri.

Nilimpigia simu jamaa niliyesoma naye, kwao ni upande wa Marigat, nikamsomea ile sehemu ya sifuri. Alinyamaza kwanza.

"Buda, na mbuzi akidungwa mwiba wa jicho huko kazini, nani analipa?"

Nikamwambia hilo halikuandikwa. Nikamuuliza yeye angetaka mkataba wa aina gani, na hakuhitaji kufikiria. Alipwe kwa siku, sawa na wale wa panga. Dawa ya minyoo itoke kwa mradi. Mbuzi akifa kazini, alipwe bei ya soko la siku hiyo, si ya mwaka juzi. Na majira ya maganda hatoi mbuzi hata mmoja, hata wakija na droni mbili.

Kisha akaniuliza ile warsha ni lini.