Gharama za nishati: Somo kutoka kwa wakulima wa milima ya theluji

KILA Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) inapotangaza bei kikomo za mafuta, mwenye pampu ya umwagiliaji, mwenye bodaboda na mwenye duka la rejareja wote hutega sikio. Bei ikipanda, nauli ya gunia hupanda siku hiyo hiyo. Ikishuka, nauli hujivuta kama konokono.

Wengi wetu tunadhani kilio hiki ni cha nchi kama yetu peke yake. Ukweli ni kwamba pipa la mafuta halichagui nchi. Julai 2008 pipa lilifikia dola 147 za Marekani. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, bei ilipaa tena, na Serikali yetu ikalazimika kutoa ruzuku ya Sh100 bilioni kwa mwezi Juni ili kupunguza makali. Kipindi hicho hicho, wananchi wa vijijini katika Marekani yenyewe walikuwa wakihesabu senti.

Makala haya yanawaangalia watu wa jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani. Ni jimbo dogo la milima, lenye watu wapatao 650,000, wengi wao vijijini. Linajulikana kwa mambo mawili: maziwa, na mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa mbao mbili ndefu zinazofungwa miguuni. Kila majira ya baridi vituo vyake vya mchezo huo hupokea wateletezaji mara milioni nne hivi. Kwa biashara ya namna hiyo, nishati ndiyo kila kitu.

Mteletezaji wa kijijini ni nani?

Tusimfikirie tajiri wa mjini aliyekuja kula likizo. Mteletezaji wa kijijini ni mtu wa pale pale. Asubuhi anakamua ng'ombe au anasukuma theluji barabarani kwa trekta, mchana anahudumia lifti zinazopandisha wageni mlimani, na siku ya mapumziko naye anateleza. Mwezi Machi anagema utomvu mtamu wa miti na kuuchemsha uwe asali nzito ya kuuza. Kwa kifupi ni mtu wa shughuli nyingi ndogo ndogo, kama walivyo wasomaji wengi wa kurasa hizi.

Mchezo wenyewe ulianzia shambani. Januari 1934, katika kilima cha malisho ya mkulima mmoja mjini Woodstock, ilifungwa kamba ndefu iliyovutwa na injini ya gari la Ford. Hiyo ndiyo lifti ya kwanza ya aina yake nchini Marekani. Baada ya hapo vilima vya namna hiyo viliota kila kijiji. Leo vingi vimekufa. Viliuawa na misimu yenye theluji kidogo, bima, na bei ya nishati, hasa tangu msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973.

Wafugaji nao wamepungua. Katikati ya karne iliyopita jimbo hilo lilikuwa na mashamba ya maziwa yapatayo 10,000. Sasa yamebaki mamia machache tu. Mwaka 2009 bei ya maziwa Marekani ilianguka hadi chini ya dola 12 kwa ratili 100, wakati gharama za mfugaji hazikuanguka kwa kiasi hicho.

Mteletezaji huyu hulalamikia nini basi? Hoja zake ni zile zinazosikika kwenye mikutano mikuu ya vijiji na miji midogo, ambayo kwa desturi yao hufanyika Jumanne ya kwanza ya Machi. Anasema kupasha nyumba joto kunamfilisi. Anasema biashara ya mlima imechukuliwa na makampuni makubwa, na tiketi ya siku moja haikamatiki. Tena anasema sheria za nishati zinatungwa na watu wasiojua umbali wa kwenda dukani. Tuzipime hoja hizi kwa kalamu ya uchumi.

Kuni za bure si za bure

Bomba la gesi asilia limefika sehemu ndogo tu ya jimbo hilo. Vijijini watu hutumia mafuta ya kupashia joto, gesi ya mitungi, au kuni. Mwaka 2022 galoni moja ya mafuta hayo, yaani lita 3.8, ilivuka dola 5. Mwenye msitu wake akajisifu kwamba yeye kuni anazipata bure.

Tupige hesabu. Huko kuni hupimwa kwa tita kubwa la futi za ujazo 128, sawa na mita za ujazo 3.6. Tita moja la kuni ngumu zilizokauka vizuri hutoa joto linalokaribiana na galoni 120 za mafuta. Mafuta yakiwa dola 5, tita hilo limemwokolea dola 600. Yakishuka hadi dola 2.50, limemwokolea dola 300. Tuseme kwa mfano kukata, kupasua na kupanga kunamchukua saa 15. Basi katika mwaka wa bei kubwa amejilipa dola 40 kwa saa, na katika mwaka wa bei ndogo dola 20, kabla ya kutoa mafuta ya msumeno.

Kwa hiyo kuni zake zina bei, ila analipa kwa jasho. Hesabu hiyo haifanyiki sana kwetu, ambako mama na watoto hutembea saa kadhaa kutafuta kuni na saa hizo haziandikwi popote.

Lakini lipo jambo kubwa zaidi. Kuni mbichi haziwaki vizuri. Kwa hiyo anayetaka kuota moto Januari hii alizikata mwaka uliopita. Gharama yake ya nishati iliamuliwa miezi mingi kabla ya baridi kuingia.

Tahadhari: kuamua mapema si sawa na kununua mapema. Kiangazi cha 2008 wapo waliofunga mikataba ya mafuta ya baridi kwa bei ya juu kabisa wakiogopa itazidi kupanda. Desemba pipa lilikuwa limeshuka chini ya dola 40. Jirani aliyesubiri alinunua rahisi, na wenye mikataba wakabaki na bei ya kiangazi. Mkataba unahamisha hatari ya bei, lakini haupunguzi hata lita moja ya mafuta unayohitaji.

Kutengeneza theluji ni umwagiliaji

Mvua ikikosekana, mkulima anamwagilia. Theluji ikikosekana, mwenye mlima anaitengeneza. Maji hupigwa pampu hadi juu, yakachanganywa na hewa iliyoshindiliwa kwa nguvu, kisha yakarushwa hewani katika baridi kali yaanguke yakiwa theluji. Gharama kubwa iko kwenye kushindilia hewa, kazi inayokula umeme au dizeli.

Mwenye kilima kidogo alibanwa kote kote. Bila mashine hana msimu wa uhakika, na akiwa na mashine bili inameza mapato. Makampuni makubwa yalipata njia nyingine: kuuza tiketi za msimu mzima kabla theluji haijaanguka. Mteja akishalipa, hatari ya hali ya hewa inakuwa yake, na kampuni ina fedha mkononi ya kulipia umeme. Mteletezaji wa kijijini anaona ni unyonyaji, lakini kibiashara ni mbinu ambayo hata kikundi kidogo cha wakulima kinaweza kuitumia: kupata malangizi ya mnunuzi kabla ya msimu, badala ya kukopa kwa riba.

Njia ya pili ilikuwa kupunguza matumizi yenyewe. Mwaka 2000 jimbo hilo lilianzisha shirika la Efficiency Vermont, linaloendeshwa kwa tozo ndogo kwenye bili za umeme, kazi yake ikiwa kuwasaidia wateja kutumia umeme kidogo. Mwaka 2014 shirika hilo lilivisaidia vituo vya michezo kutupa mashine za zamani za theluji na kununua mpya zinazohitaji hewa kidogo sana. Theluji ilibaki ile ile, bili ikapungua.

Njia ya tatu inashangaza zaidi. Mwaka 1995 wateletezaji wenyewe walichanga, wakanunua hisa na kuumiliki mlima wa Mad River Glen kama ushirika. Badala ya kushindana na wakubwa kwa mashine, walichagua kutegemea zaidi theluji ya Mungu. Misimu mibaya inawaumiza, lakini hawana mzigo wa umeme kama wa jirani zao.

Hata wagema utomvu wameujua mchezo huu. Galoni 40 hivi za utomvu hutoa galoni moja tu ya asali ya miti, na zinazobaki zote ni maji ya kuchemshia hewani. Wengi sasa hutumia kwanza chujio la msukumo linalotoa sehemu kubwa ya maji bila moto, na kuni au mafuta huja mwishoni. Kwa hiyo nishati ya bei kali haifanyi kazi ambayo nishati rahisi ingeifanya.

Samadi iliyogeuka umeme

Mfano unaowahusu zaidi wafugaji ni wa mwaka 2005, katika shamba la Blue Spruce lililoko Bridport. Samadi ya ng'ombe wengi huingizwa kwenye tangi kubwa lisiloingiza hewa, ikatoa gesi inayoendesha jenereta. Kampuni ya umeme iliwaalika wateja wake walipe kwa hiari senti 4 zaidi kwa kila uniti inayotoka kwenye samadi. Kituo cha Killington kiliwahi kuununua umeme huo kwa ajili ya lifti yake. Ng'ombe wa bondeni akawa anampandisha mteletezaji mlimani.

Msomaji asivutiwe na hadithi akasahau hesabu. Mtambo wa namna hiyo uligharimu zaidi ya dola milioni moja, sehemu ikiwa ruzuku, na unafaa kwa mwenye mamia ya ng'ombe. Tena umeme haukuwa faida pekee. Makapi makavu yanayobaki hutandikwa bandani badala ya vumbi la mbao lililokuwa likinunuliwa, na maji yake yanarudi shambani kama mbolea. Bila mafao hayo ya pembeni hesabu ingekuwa ngumu.

Hapa Afrika Mashariki tuna nafuu moja. Vermont hulazimika kutumia sehemu ya joto lake kulipasha tangi lisipoe. Kwetu jua linafanya kazi hiyo bure sehemu nyingi. Mpango wa biogesi ya majumbani ulioanza Tanzania mwaka 2009 ulilenga mtambo mdogo wa kaya, unaoweza kulishwa na ng'ombe wawili au watatu wanaofugwa bandani.

Siasa ya bili

Mwaka 2023 bunge la Vermont lilipitisha sheria ya kuelekeza nyumba kwenye nishati safi, likipindua kura ya turufu ya gavana. Wananchi wengi wa vijijini waliogopa kwamba ingepandisha bei ya mafuta ya kupashia joto. Katika uchaguzi wa Novemba 2024, kodi za nyumba nazo zikiwa zimepanda sana, chama kilichoisukuma kilipoteza viti vingi, na mfumo mkuu uliotarajiwa na sheria hiyo haukuwa umeanza.

Mteletezaji ana haki katika hili: mwenye kipato kidogo hawezi kubadili jiko la nyumba nzima kwa fedha ya mfukoni, na ukipandisha bei kabla hujampa njia mbadala umemwadhibu tu. Hata hivyo naye ana deni la kujibu. Majira ya baridi ya jimbo lake yanazidi kupata joto, na msimu wake wa theluji uko hatarini. Mafuta anayoyatetea yana mkono katika kuuharibu mlima unaompa ajira. Mkulima wetu anayechoma mkaa huku akilalamikia mvua yuko katika mtego huo huo.

Tufanye nini?

Somo ninaloliona ni moja: gharama ya nishati huamuliwa kabla ya msimu, siyo siku ya kulipa bili. Bei hatuipangi sisi, lakini kiasi tunachotumia tunakipanga wenyewe.

Kwanza, andika nishati kama gharama ya uzalishaji. Jua dizeli inayotumika kwa ekari moja ya vitunguu, au uniti za umeme kwa lita mia za maziwa yanayopozwa. Usipojua, huwezi kujua bei ipi ya mazao inakupa hasara.

Pili, kagua vifaa wakati wa kiangazi cha kazi. Bomba linalovuja au pampu kubwa kuliko kisima hula fedha kila saa. Wenye viwanda vidogo na vituo vya maziwa walio katika kundi la T2 la TANESCO wakumbuke kwamba hutozwa pia kwa kilele cha matumizi. Kuwasha mashine zote kwa pamoja ni kujipandishia bili.

Tatu, nishati kubwa itafutwe kwa pamoja. Mkulima mmoja hawezi kununua tangi la kupozea maziwa wala pampu ya jua ya bonde zima, lakini ushirika unaweza, mradi hesabu zake ziwe wazi kwa wanachama.

Nne, mwenye ng'ombe bandani asiitupe samadi kabla hajapiga hesabu ya gesi na mbolea kwa pamoja.

Tangazo la EWURA litakuja tena Jumatano ya kwanza ya mwezi ujao. Aliyekwisha kuziba bomba linalovuja atalisikiliza kwa moyo mwepesi kuliko jirani yake.