Punda Apimiwe Dozi Yake

Mwaka 2022 serikali ya Tanzania ilisimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakaridhia marufuku ya bara zima. Punda akanusurika na kisu. Kilichosahaulika ni sindano.

Mfugaji anayepanda kutoka Kamsamba, katika Bonde la Rukwa, kununua dawa mjini Tunduma hukuta chupa zilizopangwa kwa kumlenga ng'ombe, na si ajabu: mkoani Songwe ng'ombe ndiye anayelima na ndiye anayeuzwa mnadani. Punda mwenye kidonda cha mgongo hudungwa dawa hiyohiyo, kwa kukadiria. Makala hii inapinga ukadiriaji huo.

Chukua penstrep, mchanganyiko wa penisilini na streptomisini. Chupa iliyozoeleka ina yuniti 200,000 za penisilini katika kila mililita, na lebo huelekeza mililita 1 kwa kilo 20 au 25, yaani yuniti 8,000 hadi 10,000 kwa kilo. Vitabu vya tiba ya farasi, ndugu wa karibu wa punda, hutaja takriban 22,000 kila baada ya saa 12 hadi 24. Kuongeza penstrep maradufu si jawabu, maana streptomisini nayo hupanda, na hiyo huumiza figo na masikio. Penisilini ya prokaini peke yake, yenye yuniti 300,000 kwa mililita, ingemtosha punda wa kilo 130 kwa takriban mililita 9.5. Lakini nani alimpima akajua ni kilo 130? Utepe wa kuzungushia kifua unaweza kusaidia.

Mahali pa kudunga napo pana hesabu yake. Prokaini huifanya penisilini iyeyuke polepole ndani ya msuli, na hilo ndilo linalotakiwa, kwa kuwa dawa hii huua vijidudu kwa kukaa muda mrefu kwenye damu. Utafiti wa mwaka 1986 ulionyesha kwamba penisilini iliyodungwa shingoni mwa farasi ilifika kwenye damu kwa kiwango kikubwa kuliko ya matakoni. Wengi bado hulenga matako. Jipu likitunga huko, usaha hukosa njia ya kutoka.

Hatari kubwa ni mshipa. Prokaini ikiingia moja kwa moja kwenye damu, mnyama huruka kama mwenye wazimu na anaweza kuanguka akafa; hivyo bomba livutwe kwanza, na damu ikionekana sindano itolewe. Joto huongeza prokaini iliyojitenga ndani ya chupa, na safari ya kutoka ubaridi wa Tunduma hadi Bonde la Rukwa, chupa ikiwa juu ya boda boda, si jambo dogo.

Dawa nyingine za ng'ombe nazo zina hatari zake. Tilmikosini, inayomponya ng'ombe mapafu, huweza kumuua farasi au punda. Oksitetrasaikilini inaweza kuvuruga utumbo wake mpana hadi kuharisha kwa kufisha. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ndiyo inayosajili dawa hizi. Idai kwenye kila chupa mstari mmoja wa Kiswahili unaosema kama punda anaruhusiwa, kwa kiasi gani na kila baada ya saa ngapi.