NENO LA LEO: FARAO NYUMA YA WANYAPARA (Kutoka 5)



Fungua Kutoka sura ya 5 uisome yote, usirukeruke. Wengi tunaijua kwa sababu ya Musa. Mimi wiki hii nimekwama kwa watu wengine kabisa, wale wanyapara.

Angalia vile Farao alipanga kazi yake. Juu yuko yeye. Chini yake wako wasimamizi, Wamisri. Chini ya hao wako wanyapara, na hawa ni Waebrania, watoto wa nyumbani, wanaohesabu matofali ya ndugu zao. Nyasi zikaondolewa, hesabu ya matofali ikabaki ile ile. Hesabu ilipopungua, nani alichapwa? Wanyapara. Farao hatusomi popote kwenye sura hiyo kwamba alishika kiboko. Na walipokwenda kumlilia, aliwaambia ni wavivu, ndiyo maana wanataka ruhusa ya kwenda ibadani.

Sasa nikuambie kwa nini naandika haya, tena hapa hapa Facebook.

Ukurasa huu unaousoma hauna video ya mtu akichinjwa. Hauna mtoto akinajisiwa. Usidhani hazipandishwi. Zinapandishwa, na kuna mtu hulipwa kuzitazama ili wewe usizione. Kuanzia 2019 hadi mwanzo wa 2023, wengi waliofanya kazi hiyo kwa niaba ya Afrika walikuwa vijana walioketi hapa Nairobi. Wakenya, Waethiopia, Waganda, Wasomali, Waafrika Kusini, wengine waliletwa kwa sababu ya lugha wanazojua. Mwenye Facebook ni Meta, ya Marekani. Lakini barua ya kazi iliandikwa na kampuni nyingine, Sama. Umeanza kuona hizo ngazi?

Mwaka wa 2022 mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, alizishtaki kampuni zote mbili Nairobi. Alisema alifutwa kazi kwa sababu alijaribu kuwaunganisha wenzake wadai hali bora. Wafanyakazi waliliambia jarida la Time kwamba kuna waliokuwa wakipata kama dola moja na nusu kwa saa, na kwamba walitarajiwa kuamua kuhusu video kwa sekunde 50 hivi. Sekunde 50! Binadamu anauawa mbele ya macho yako na saa inakuhesabia. Sama ilikana kuwatendea vibaya, ikasema ilikuwa inawapa washauri. Mapema 2023 ikatangaza kuacha kazi hiyo, na watu 260 wakaambiwa nafasi zao zimekwisha. Wageni kati yao vibali vyao vya kukaa nchini vilitegemea kazi hiyo. Watu 185 wakaenda mahakamani.

Na Meta ilijibu nini? Kwamba yenyewe si mwajiri wao, na kwamba mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yake. Mahakama ya Kazi ikakataa hoja hiyo ya mamlaka, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikakubali kwamba kesi inaweza kuendelea hapa. (Mimi nimewahi kulipia tangazo la mkutano wa injili hapa Facebook. Pesa yangu ya Kenya ilipokelewa haraka sana, hakuna aliyeniuliza habari ya mamlaka.)

Hiyo ndiyo hila ninayoikemea leo. Mtu anakupangia kasi ya kazi, anakupangia unachotazama, anavuna faida, halafu ukiumia anakwambia nenda kwa yule aliyesaini barua yako. Ukienda kwa aliyesaini, anakwambia masharti yametoka juu. Farao angeipenda sana mikataba ya siku hizi.

Lakini, mpendwa, sitaishia kwa kampuni, kwa sababu kuna kidole kinachonielekea mimi.

Kuna kijana wa ushirika wetu aliyefanya kazi ya namna hiyo. Sitamtaja jina wala ofisi yake. Alinijia baada ya ibada ya Jumatano akasema halali usiku, na akimshika mtoto wake mikono inatetemeka. Nikamuuliza ni kazi gani. Akasema alisaini karatasi ya kutunza siri, hata mke wake hajui. Unajua nilifanya nini? Nilimuuliza kama ana dhambi iliyofichika. Nikamwekea mikono, nikakemea roho ya hofu, nikamwambia kazi ni kazi, shukuru Mungu, wenzako wanatembea na vyeti mitaani miaka mitano. Alirudi mara tatu. Nikarudia yale yale, kwa sauti kubwa zaidi. Halafu hakurudi tena. Fungu lake la kumi liliendelea kuingia kwa simu kila mwisho wa mwezi, na tuliendelea kulipokea.

Desemba 2024 ripoti ya daktari iliyopelekwa kwenye ile kesi ilionyesha kwamba zaidi ya 140 kati ya wale wafanyakazi walipatikana na ugonjwa wa akili unaoletwa na kiwewe. Ni ugonjwa. Una jina na una matibabu. Nami nilikuwa nikiupigia kelele kama pepo.

Soma Kutoka 6 mstari wa 9. Musa alileta ahadi ya Mungu mwenyewe, na watu hawakuweza kumsikiliza, kwa sababu roho zao zilikuwa zimevunjwa na ule utumwa. Mungu hakuwakemea kwa kukosa imani. Kule kukemea ni sisi watumishi tumekuongeza.

Najua kuna atakayeandika hapo chini, "Pasta, hubiri Injili, mkisumbua hawa wawekezaji watahama na vijana wetu watakosa hata hicho kidogo." Ndugu yangu, hoja yako siidharau. Mimi pia nina watoto wanaotafuta kazi. Lakini hiyo hoja imo kwenye sura, mstari wa 21. Wanyapara walimwambia Musa hivyo hivyo, kwamba umetufanya tunuke mbele ya Farao, umempa upanga wa kutuua. Hofu yao ilikuwa ya kweli, kazi iliongezwa kweli. Hata hivyo Mungu hakumrudisha Musa Midiani ili uchumi wa Misri usiyumbe.

Na wewe uliye kiongozi wa timu kwenye hizo ofisi, najua mko hapa kanisani, wengine mnakaa viti vya mbele. Wale wanyapara walichapwa, lakini walipanda hadi kwa Farao kuuliza kwa nini watumishi wako wanatendewa hivi. Wewe umewahi kupanda? Ama kazi yako ni kutuma ujumbe saa nne usiku kumuuliza dada fulani kwa nini hesabu yake imeshuka?

Kijana wangu, kama unasoma haya, nilikukosea. Sikukusikiliza. Nimempigia mke wako simu na nitakuja nyumbani ukiniruhusu.

Wale wa timu ya maombi, kuanzia wiki hii hakuna mtu anawekewa mikono kwa habari ya usingizi kabla ya kuulizwa anafanya kazi gani na anatazama nini huko. Na Jumamosi hii saa tisa alasiri, muuguzi wa afya ya akili na wakili, wote washirika wetu, watakaa kwenye chumba cha shule ya Jumapili. Kama ulisaini karatasi ya siri na hujui inakuruhusu kusema nini, ibebe, wakili ataisoma pamoja nawe. Hakuna malipo na hatutaandika majina. Tumia mlango wa nyuma, ule wa karibu na tangi la maji.